Nyuma ya Picha ya Ng'ang'a

Wiki jana tulimwacha Mutheu mlangoni pake kule Kawangware, kifurushi cha gazeti mkononi, na Chege akimwambia, "Fungua, mathee. Zawadi yako hiyo."

Basi akafungua.

Lilikuwa shati. Shati la buluu la Musyoka, ndugu yake, lile alilolishona mwenyewe kwapani kwa uzi mwekundu kwa sababu wa buluu ulikuwa umekwisha. Kuanzia kola hadi kiunoni lilikuwa limelowa damu, na damu yenyewe ilikuwa haijakauka.

Mutheu hakupiga kelele. Akajikuta amekaa juu ya gunia la mahindi, shati mapajani.

"Yuko hai?"

"Yuko," Chege akasema, akitafuna njugu. "Saa hii anapumua. Mambo ya mchana mimi sijui."

Huyu Chege, kwa wewe msomaji uliyeanza nasi leo, ni kiongozi wa vijana wa chama. Mzee Gerishon Ng'ang'a, mgombea uenyekiti, humtuma mahali ambapo mzee wa kanisa kama yeye hawezi kwenda mwenyewe.

"Mnataka nini?"

"Kitu kidogo sana. Leo kwa uwanja utasimama nyuma ya picha ya Mzee. Basi. Ukishahesabiwa, ndugu yako anarudi."

"Kura moja tu? Mmemtoa mtu damu kwa kura moja?"

Chege akacheka, akatema ganda la njugu juu ya kizingiti. "Usinichezee, mathee. Wewe si kura moja. Wewe ni mwethya yote."

Mutheu akainuka. "Nani amekuambia mambo ya mwethya?"

"Ukuta uko na masikio. Vaa leso uende. Na ukimwambia mtu hata nusu ya hii kitu, hata yule nyanya yenu Ndunge, nitajua. Nikijua, hutapata hata shati ingine."

*

Sasa wacha nikwambie kwa nini mwanamke mmoja mpika muthokoi, mahindi ya kukoboa, kwa wajenzi, alikuwa na thamani kuliko gunia la sukari.

Siku hizo jiji halikuwa na madiwani. Walikuwa wamefukuzwa, jiji likaendeshwa na tume, na kwa hivyo mwenyekiti wa chama wa mtaa ndiye aliyekuwa diwani, hakimu na mungu mdogo. Akisema kibanda kivunjwe, kinavunjwa. Na uchaguzi wenyewe haukuwa wa karatasi. Ulikuwa mwaka wa mlolongo: unasimama nyuma ya picha ya mtu wako mchana kweupe, jirani akikuona, mwenye nyumba akikuona, na mwenye kinyongo naye akikuona.

Mzee Ng'ang'a aliutaka uenyekiti huo kama fisi anavyoutaka mfupa. Sera yake ilikuwa moja. Wakamba, watu wa Machakos na Kitui, watoke Kawangware, wote, fundi na mchuuzi, na vibanda vyao pale stendi ya basi la 56 wapewe wenye ardhi. "Shamba lina mwenyewe," ndio uliokuwa wimbo wake. Wala hakuwa mtu wa kufoka. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani, na watu wazima wenye akili zao wakampigia makofi.

Mpinzani wake alikuwa Mzee Benard, muuza makaa. Benard hakuwa malaika, na hotuba zake zililaza watu. Lakini alichokisema kilieleweka: kila mpangaji alipe kodi yake, kisha aachwe alale. Hata Mama Njambi, mwenye plot za nyumba za kupanga kubwa kuliko za Ng'ang'a, mzaliwa wa pale pale, alisema yeye atasimama kwa Benard, na asiyependa akajinyonge.

Kambi mbili zilikuwa sawasawa. Waliobaki kuamua mambo ni akina mama wa mwethya, kile kikundi chao cha kusaidiana kazi.

Ukambani, wanawake wakienda kuchimba matuta, kuna mmoja anayetangulia. Huitwa ngui, na ndiye mwenye kuanzisha wimbo. Ngui akishuka shambani wenzake humfuata kwa mstari, jembe begani, na hakuna anayeuliza tunaanzia wapi. Kumuuliza ngui ni kumvunjia heshima. Desturi hiyo walikuja nayo Nairobi. Kwa mwethya walijengeana vyumba, walizikana, na aliyelazwa hospitali alikuta watoto wake wamekula.

Basi wapambe wa Ng'ang'a walipoanza kuwapitia akina mama mmoja mmoja, huyu kwa sukari, yule kwa vitisho, walikutana chumbani kwa Ndunge wakaapa. Hakuna atakayejiamulia peke yake. Ngui atakapotia mguu ndipo watakapotia wao, na moyoni kila mmoja alijua mguu huo unakwenda kwa Benard.

Walidhani wamejenga ukuta. Kumbe walikuwa wamempunguzia Ng'ang'a kazi. Hakuhitaji tena kuwanunua wote. Alihitaji mguu mmoja tu, na mwenye mguu huo ni Mutheu.

*

"Umekula?" Ndunge alimuuliza alipokuja kumchukua. Nyuma yake akina mama walikuwa wamejaa kichochoro chote, leso zimefungwa viunoni, wanacheka.

"Nimekula, mwaitu." Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na ndivyo alivyomwita.

"Mbona macho mekundu?"

"Moshi."

Ndunge akatazama jiko. Lilikuwa baridi, majivu ya jana. "Mutheu, mwanangu. Mimi nimezika waume wawili. Moshi naujua."

Mutheu akafungua mdomo. Ng'ambo ya kichochoro, penye kibanda cha mafuta ya taa, kijana mmoja wa Chege alikuwa anamwangalia huku akichezea wembe. Akaufunga.

"Musyoka hajarudi," akasema. "Ni hilo tu."

"Ah! Vijana hawa. Amelala kwa msichana fulani huko Kibera. Atarudi akiwa na njaa." Ndunge akamshika mkono. "Twende. Leo tunamzika Ng'ang'a bila sanduku!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Mutheu akatembea mbele yao, na kila alipovuta pumzi alisikia harufu ya ile damu.

Musyoka hakuwa ndugu tu kwake. Mama yao alifariki Kitui mtoto akiwa hajaanza kutambaa. Mutheu ndiye aliyembeba mgongoni, akamtafunia viazi, akamleta Nairobi, akamtafutia fundi wa masanduku ya bati wa kumfunza kazi. Wachumba wawili waliondoka kwa sababu hawakutaka mke mwenye mtoto wa mama yake mgongoni. Aliwaacha waende.

Sasa niambie wewe unayesoma hapo na chai yako: ungefanya nini?

*

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Picha mbili zilikuwa zimefungwa kwenye nguzo za magoli, Benard upande wa mtaa wa Satellite, Ng'ang'a upande wa barabara. Katikati alisimama msimamizi, Bwana Naftaly, mtu mwenye suti ya kahawia na filimbi.

"Filimbi ya kwanza, mnapanga," akatangaza. "Filimbi ya pili, hakuna kuhama. Atakayetoka kwa laini amejifuta mwenyewe. Hana kura huku wala kule. Tumeelewana?"

Ng'ang'a akaomba kusalimia watu. Naftaly, ambaye hakuwa na haki ya kumruhusu, akamruhusu.

"Ndugu zangu," mzee akasema kwa ile sauti yake ya upole, kofia kifuani. "Wengine wanasema nina chuki. Mimi sina chuki. Ng'ombe akiwa na kupe, si mnamtoa? Kupe hatukanwi. Kupe hapigwi. Kupe anatolewa tu, polepole, ng'ombe apone."

Uwanja ukacheka. Walicheka mafundi, walicheka wanakwaya. Alicheka hata muuza sukuma wiki ambaye watoto wake walilelewa na mwethya miezi miwili alipougua. Sitaki kumtaja jina, anajijua.

Ndunge akatema mate chini. "Pangeni nyuma ya ngui," akawanong'oneza wenzake. "Msimwangalie huyo mzee. Mwangalieni Mutheu."

Filimbi ikalia.

Mutheu akaanza kutembea. Alipofika upande wa Satellite, Mzee Benard alimwona, akatabasamu meno yote, akasogea kando kumpa nafasi. Hata mkono aliunyoosha.

Mutheu akampita.

Alimpita kama mtu asiyemjua, akavuka uwanja, na kila hatua aliona shati lile la buluu mbele yake. Akafika penye nguzo ya pili. Akasimama nyuma ya picha ya Gerishon Ng'ang'a.

Akina mama walibaki katikati, wamepigwa na butwaa. Mmoja akasema, "Amekosea." Mwingine akasema, "Jua linamwakia machoni." Mutheu aliwaangalia huku akiomba kimoyomoyo. Msinifuate. Leo tu, kwa mara moja, niulizeni!

Ndunge akatikisa kichwa. "Ngui ameona kitu ambacho sisi hatukioni," akasema. "Kuna mpango. Tangu lini tukamuuliza?"

Akafuata. Na wote wakafuata, mstari mmoja, wima, wenye adabu, hadi wakawa mkia mrefu nyuma ya mtu aliyewaita kupe. Nina hasira hata ninapoandika. Si kwa sababu walikuwa wajinga. Walifanya lile walilofunzwa tangu utotoni, na ndilo lililowaponza.

Filimbi ya pili ikalia.

*

"Mutheu! Wewe Mutheu!"

Ilikuwa sauti ya Kavetsa, muuza mboga kutoka Kibera, huku anahema, kikapu kikimgonga nyonga. Akainama chini ya kamba iliyozungushiwa uwanja.

"Unafanya nini hapa? Umechizi?"

"Niache, Kavetsa."

"Ni huyo ndugu yako amekuambia usimame hapa? Ndiyo maana anakula raha!"

Mutheu akageuka upesi. "Umesema nini?"

"Musyoka! Nimemwona asubuhi hii kule kwetu Kibera, pale Soweto, nyuma ya bucha. Anakula maini na vijana wa Chege, amevaa koti mpya."

"Uongo. Nimeona damu yake."

"Damu gani? Hiyo ni ya mbuzi! Wamechinja asubuhi, na yeye ndiye alikuwa ameshika miguu. Mimi mwenyewe nilimwambia, shati yako inaharibika. Akacheka."

Mutheu akamtazama usoni. Kavetsa alikuwa mwanamke wa maneno mengi, mtaa wote ulijua. Tena alikuwa shemeji ya Benard.

"Apa."

"Naapa kwa Mungu. Toka kwa hiyo laini! Ukitoka wewe, wote wanatoka. Ng'ang'a anabaki na watu wake tu. Ameanguka!"

Kweli tupu. Hatua moja ya pembeni, na akina mama wote wangetoka nyuma yake bila kuuliza, kama walivyoingia. Kura zao zingefutika, na Ng'ang'a angelala mwenyekiti wa jikoni kwake.

Mutheu akainua mguu.

Ng'ambo ya uwanja, Chege alikuwa anamwangalia. Aliinua mkono tu, akaelekeza kidole kwenye pikapu iliyofunikwa turubai pale getini, kisha akatikisa kichwa taratibu.

"Wewe ni shemeji yake Benard," Mutheu akasema. "Anashindwa. Ningekuwa wewe hata mimi ningesema hivyo."

"Mutheu! Mimi nakudanganya?"

"Kama uko sawa nami nikabaki, nimepoteza mtaa. Kama unadanganya nami nikatoka, nimeua mtoto wangu. Toka hapa, Kavetsa. Nakuomba."

Akaurudisha mguu chini.

Kavetsa akalia. Alitolewa uwanjani na vijana wawili, mboga zake zikakanyagwa njia nzima, naye bado anapiga kelele kwamba ni ya mbuzi, ni ya mbuzi. Ndunge, aliyekuwa nyuma tu ya Mutheu, aliyasikia maneno hayo. Hakuyaelewa. Lakini aliacha kutabasamu.

*

Naftaly akapita mstarini akiwagusa watu vichwani. Alipomaliza hakukuwa na haja ya kutangaza, hata mtoto angeona. Ng'ang'a alikuwa amemshinda Benard kwa mkia ule wa leso na hakuna kingine.

Mzee Benard akavua kofia, akaenda nyumbani. Mama Njambi alipita mbele ya Mutheu, akasimama.

"Nilikuwa nakuheshimu," akasema.

Kabla Mutheu hajajibu, pikapu ikapiga honi. Ikaingia uwanjani taratibu, muziki umefunguliwa juu kabisa, turubai limefunguliwa. Juu yake alikuwa amesimama Musyoka.

Mzima.

Mutheu alisahau kila kitu. Alikimbia, leso ikamwanguka, akamvuta ndugu yake chini, akamkumbatia hadi kofia ikamtoka. Akamfungua vifungo mbele za watu wote, akatafuta jeraha kifuani, mgongoni, shingoni, akicheka na kulia pamoja. "Uko mzima! Mwana wa mwaitu, uko mzima!"

"Niko mzima."

"Walikukata wapi?"

Musyoka akaangalia kando. Koti lake lilikuwa jipya, rangi ya maziwa, na mdomo wake ulinuka maini na pilipili.

"Nimekuuliza, walikukata wapi?"

Wakati huo huo muziki ukazimika. Chege alikuwa ameingiza mkono dirishani mwa pikapu akauzima mwenyewe, maana hakutaka mtu yeyote akose kusikia.

"Hawakunikata," Musyoka akasema. "Ilikuwa... Walisema ukiona shati tu, utakubali. Hakuna mtu ataumia."

Mutheu akamwachilia koti.

"Wamenipa plot, dada, mwiitu wa mwaitu. Huko Satellite, ya kona! Tutajenga vyumba vyetu. Hutapikia watu wa mjengo tena. Mimi nilikuwa nafikiria wewe."

"Na mambo ya mwethya? Kiapo chetu? Nani aliwaambia?"

Kijana akayatazama viatu vyake. Vilikuwa vipya pia.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mutheu aliisikia methali hiyo maisha yake yote na hakujua kwamba nguo yenyewe ataishona kwa mkono wake.

Mutheu aligeuka akawaona akina mama wote pale pale kwenye mstari, hawajatawanyika, wanamwangalia. Walikuwa wamesikia kila neno.

"Kwa hivyo hapakuwa na mpango," Ndunge akasema.

"Mwaitu, walisema watamuua..."

"Ungetuambia. Tungelia na wewe, halafu tungejua la kufanya. Hata kama ni kusimama hapa, tungesimama tukijua."

Wewe ungemjibu nini?

*

Ng'ang'a akapanda juu ya meza. Naftaly alikuwa ameshaingia garini na kuondoka, kwa maana alilipwa kwa kazi mbili, kuhesabu na kutoona, na zote alikuwa amezimaliza.

"Nawashukuru," mwenyekiti mpya akasema. "Zaidi nawashukuru akina mama wa Ukambani. Bila nyinyi singeweza. Kwa hivyo sitawachelewesha. Milango yenu inafungwa leo. Vijana wameshatangulia."

Kutoka ng'ambo ya ukuta wa shule ikasikika sauti ambayo kila mpangaji wa Nairobi anaijua usingizini: msumari ukitoka kwenye mbao, kisha bati likianguka chini.

Akina mama wakapiga mayowe, wakakimbilia getini. Geti lilikuwa limefungwa, na mbele yake wamejipanga vijana wenye viboko vya ngozi ya kiboko.

"Mzee!" Musyoka akajipenyeza hadi mezani. "Mzee, kuna makosa. Si sisi. Mimi na dada yangu tuko na plot. Uliniambia mwenyewe, plot ya kona."

"Plot gani?"

"Ya Satellite."

Ng'ang'a akainama juu ya meza, akamtazama kwa huruma kabisa, kama daktari. "Kijana, wewe umemuuza dada yako kwa maini ya mbuzi. Nikikupa shamba la baba yangu, mimi utaniuza kwa nini? Kwa matumbo?"

Uwanja ukaangua kicheko. Chege akamvua Musyoka lile koti jipya, akalivaa mwenyewe, likamkaa vizuri. Halafu akampiga teke nyuma ya goti, kijana akaanguka chini.

Ndunge hakuwa mtu wa kupiga magoti. Siku hiyo alipiga. Alipiga magoti vumbini mbele ya meza, leso kichwani.

"Baba," akasema, na Ng'ang'a angeweza kuwa mtoto wake. "Huko ndani kuna mama aliyejifungua juzi. Kuna Muia, hata kutembea hawezi, mnajua alianguka mjengoni. Tupe hadi mwisho wa mwezi. Tutatoka wenyewe, na bati zenu tutaacha."

Ng'ang'a akatafakari. Akafuta miwani yake kwa leso safi.

"Mimi ni Mkristo," akasema hatimaye. "Siwezi kumfukuza mama mzazi. Chege, lete rungu."

Chege akaleta. Ng'ang'a akalipima mkononi, akashuka mezani, akaenda moja kwa moja kwa Mutheu, akamnyooshea lile rungu, mpini mbele, kama mtu anayempa mgeni kisu cha nyama.

"Mvunje mguu ndugu yako."

Mutheu alidhani hakusikia vizuri.

"Mguu mmoja tu. Sijasema umuue. Ukivunja, napiga filimbi, vijana wanaacha kazi, na hawa mama zako wanalala ndani hadi mwisho wa mwezi. Polisi wakiuliza, nitasema Wakamba walipigana wenyewe kwa wenyewe. Na ndiyo itakuwa kweli, sivyo? Mimi sipendi uongo."

"Mzee, huyo ni damu yangu."

"Najua. Ndiyo maana sikumwambia Chege."

Musyoka alikuwa bado chini, ameshikwa mabega na vijana wawili, mguu mmoja umenyooshwa vumbini. Akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha utotoni, alichokitoa kila alipovunja kitu. "Anatisha tu," akasema. "Mwiitu wa mwaitu, si unaona anatisha tu?"

Bati la pili likaanguka. La tatu. Sauti ya mtoto mchanga ikapanda juu ya ukuta.

Mutheu akawatazama akina mama. Aliwatazama mmoja mmoja, wale aliowatangulia shambani, mazishini na harusini, akingojea hata mmoja aseme hapana. Mmoja tu angetosha. Waliinamisha vichwa. Wengine walikuwa wanalia, lakini hapana hakuna aliyeisema.

Ndunge akainuka, vumbi magotini. Akaja hadi karibu, akamwekea mkono begani kwa upole, kama asubuhi.

"Mguu hupona, mwanangu," akasema.

Musyoka akaacha kucheka.

"Mutheu?" akaita. "Mutheu, niangalie."

Hakumwangalia. Alinyoosha mikono yote miwili, akalipokea lile rungu kutoka kwa Ng'ang'a, na likamwelemea kuliko alivyodhani.